Shangingi Lisiponyanyuka Mbele: Kupima na Kurekebisha AHC ya Land Cruiser 100

Gari linaingia gereji pale Mwanga au Gungu, Kigoma, pua imeinama, taa ya AHC OFF (AHC, Active Height Control, ni mfumo wa haidroliki unaoinua na kushusha gari) inapepesa kwenye dashibodi, na mwenye gari anatamka hukumu kabla hajashuka: "Fundi, pampu imekufa." Mara nyingi pampu haina kosa. Imelemewa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni pesa nyingi, kwa sababu pampu kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni mzigo wa kilomita zaidi ya 1,200, na ikifungwa kwenye gari lenye ugonjwa uleule itachoka kama ya kwanza.

Tunazungumzia Land Cruiser VX za mfululizo wa 100, zile za 1998 hadi 2007, pamoja na ndugu yake Lexus LX470. Si kila VX ina mfumo huu. Ukikuta swichi ya kuchagua urefu karibu na gia, yenye mishale ya juu na chini, na kitufe kilichoandikwa AHC OFF, hilo ndilo. Lina nafasi 3: L ya chini, N ya kawaida, H ya juu. H huwekwa kwa ajili ya kuvuka mawe na matope, na gari lenyewe hurudi N likizidi mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa. Kwa hiyo dereva anayelalamika kwamba "H haikai" akiwa barabara ya lami kuelekea Kasulu, gari lake ni zima. Mwelimishe tu.

Ili usipotee kwenye matengenezo lazima ujue nani anabeba uzito. Mbele kuna toshenibaa 2, zile nondo ndefu zilizolala kando ya chesisi. Nyuma kuna springi 2 za mviringo. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya gari. Kinachoonekana kama shokapu ni silinda ya haidroliki inayobeba uzito uliobaki, na ndani yake mafuta husukumwa na pampu ya umeme iliyofungwa kwenye chesisi. Kila tairi ina mtungi wake mdogo wa chuma, wenye naitrojeni upande mmoja na mafuta upande mwingine, katikati kuna ngozi ya mpira. Mtungi huo ndio ulaini wa gari. Kuna mtungi mwingine mkubwa wa akiba karibu na pampu, unaotunza presha ili gari liinuke haraka. Sensa za urefu ni 3: moja kila upande mbele, moja tu nyuma.

Sasa tia akilini jambo hili, kwa sababu ndipo kila kitu kinapoanzia. Toshenibaa ikichoka, uzito iliokuwa inabeba hauendi hewani. Unahamia kwenye mafuta. Presha ya mafuta inapanda, mitungi inabanwa, gari linakuwa gumu, pampu inafanya kazi muda mrefu zaidi kila inapoinua, kompyuta inahesabu sekunde, na presha isipofika kwa wakati inazima mfumo na kuandika kosa. Mtu anaona taa, anasema pampu.

Kwa gari lisilobeba vitu vya ziada, presha ya mbele inatakiwa iwe karibu megapaskali 6.9, na ya nyuma kati ya 5.6 na 6.7. Hiyo 6.9 ni kama psi 1,000, karibu mara 30 ya upepo wa tairi. Magari ya huku hayaachwi bila vitu vya ziada. Yanafungwa bampa ya chuma na winchi mbele, halafu yanapelekwa rafurodi ya Uvinza kuelekea Mpanda au njia za Buhigwe zenye mikunjo. Nyuma yanapakiwa madumu ya mawese na magunia ya dagaa. Mfumo ulihesabiwa kwa uzito fulani, na toshenibaa za miaka 20 zimeshalegea. Kukuta presha ya mbele imefika 8 si jambo la ajabu.

Presha husomwa kwa mashine ya kusomea kompyuta inayoelewa Toyota, gari likiwa sehemu tambarare, injini ikinguruma, likitolewa L kwenda N. Bila mashine bado unaweza kusoma makosa. Kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu mipepeso ya taa ya AHC OFF. Namba 11 ni sensa ya mbele kulia, 12 mbele kushoto, 13 ya nyuma. Kwenye mashine zitasomeka C1711, C1712 na C1713. C1762 inahusu presha ya mafuta isiyofika, na C1751 inasema mota imekaa na umeme muda mrefu kupita kiasi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayouza pampu zisizo na hatia. Soma maana yake vizuri: yanasema kazi haikukamilika, hayasemi nani aliyeshindwa.

Kabla ya kufungua chochote, chukua futi. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa matigadi, pembe zote 4, gari likiwa N na injini ikiwaka. Mbele iwe karibu milimita 500, nyuma karibu 520. Andika. Kisha zima gari jioni, pima tena asubuhi. Kipimo hiki hakina gharama na kinakueleza mengi kuliko kulala chini ya gari na tochi. Gari likiwa limeshuka, fungua boneti uangalie kopo la mafuta ya AHC. Kama usawa wa mafuta kwenye kopo umepanda, maana yake mafuta yamerudi nyumbani kupitia valvu za ndani: tafuta valvu inayopitisha, hakuna uvujaji wa nje. Kama gari limeshuka na kopo halikupanda, mafuta yamekwenda chini. Fuata paipu za chuma kando ya chesisi, hasa zinapokunja na pale zinaposhikwa na klipu, kisha mipira ya juu ya silinda za mbele. Gari lililobeba dagaa wenye maji ya chumvi au magunia ya chumvi ya Uvinza hula kutu kuanzia nyuma. Kwaruza tope na utazame chuma chenyewe, kwa sababu vumbi jekundu likilowa mafuta hukauka kama ganda na kuficha tundu.

Paipu iliyotoboka haizibwi kwa gundi wala kufungwa mpira na klampu. Presha hiyo haina mchezo. Fundi mzuri wa breki anaweza kukata kipande kibovu na kutengeneza kipya kwa paipu ya chuma ya breki, ncha zikipigwa ile tarumbeta ya kukunja mara 2, na nati zinazolingana. Kazi hiyo inadumu. Shaba laini tusingeishauri.

Ukimaliza uvujaji, nenda kwenye mitungi. Kipimo chake kiko kwenye kopo lilelile. Kopo lina mistari midogo ubavuni. Weka gari H, subiri litulie, soma mafuta yako mstari gani. Lishushe L, subiri, soma tena. Hesabu mistari iliyopandwa. Mitungi mipya inatoa mistari kama 14. Ikishuka kufika 7 au chini ya hapo, naitrojeni imekwisha na mitungi inatakiwa ibadilishwe. Sababu ni rahisi: mtungi wenye gesi hupokea mafuta mengi presha inapopanda na kuyarudisha inaposhuka, mtungi uliokufa umejaa mafuta tayari, hauna nafasi. Gari la namna hiyo linapita tuta kama lori tupu, usukani unatetema kwenye mikunjo, na dereva anadhani ni boljointi. Ngozi ya ndani ikichanika kabisa utaona mafuta yanatoka na povu jeupe wakati wa kutoa upepo, hata ukirudia.

Mitungi ya mbele ikifa huwa inakufa pamoja, au moja inaitangulia nyingine kidogo. Ibadilishe kwa jozi. Tukiwa na bajeti ya jozi moja tu tunaanza na mbele, kwa kuwa injini iko mbele na presha yake ni kubwa. Ila usiweke mitungi mipya kabla ya kurekebisha presha. Mtungi mpya kwenye presha ya 8 ni sawa na kununua ugonjwa.

Sensa nazo zina uongo wake. Sensa ya mbele imefungwa kwenye chesisi, na mkono wake mwembamba umeunganishwa na wishboni ya chini (mkono unaoshika tairi) kwa kijiti chenye vifundo vya mpira kila ncha. Shika kijiti hicho kwa vidole 2 ukitikise. Kikiwa na mchezo, kompyuta inaona gari linapanda na kushuka wakati limesimama, na pampu inawakawaka ovyo. Kikiwa kimekatika, mkono wa sensa unaning'inia, kompyuta inaamini upande ule uko juu sana au chini sana, na gari linakataa kuinuka au linalala upande. Ndani ya sensa kuna njia ya kaboni inayochakaa pale ilipokaa muda mrefu zaidi, yaani eneo la N. Ndiyo maana gari linaweza kufanya vizuri likiwa H na L, halafu likahangaika likiwa N. Chomoa kijiti, weka mita kwenye waya wa ishara, zungusha mkono polepole: volti zipande taratibu kati ya 0 na 5 bila kuruka. Zikiruka, sensa imekwisha. Usisahau soketi yake. Maji ya masika yakiingia yanaacha unga wa kijani kwenye pini, na unga huo umeshasababisha sensa nzima nyingi kutupwa.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kazi inayotibu magari mengi kuliko zote: kukaza toshenibaa. Mpangilio wake usiuvuruge. Kwanza usawa wa kulia na kushoto, kisha urefu, kisha presha.

Silinda za mbele za kulia na kushoto zinashirikiana mafuta gari likiwa limetulia, kwa hiyo pembe moja ya mbele ikiwa chini ya mwenzake kwa zaidi ya milimita 10, haidroliki haitalinyoosha. Kaza toshenibaa ya upande ulio chini, au legeza ya upande ulio juu. Urefu wa mbele na nyuma huwekwa kwenye sensa, kwa kulegeza nati ya kijiti na kukisogeza kwenye nafasi yake. Wapo wanaoinua gari kwa kudanganya sensa ili lionekane limesimama. Wanachofanya ni kuipokonya toshenibaa mzigo na kuumwagia mafuta, presha inapanda papo hapo. Gari linapendeza wiki chache, halafu taa.

Kukaza kwenyewe: bonyeza AHC OFF, zima gari, toa ufunguo uuweke mfukoni. Inua mbele kwa jeki kwenye chesisi hadi matairi yaning'inie, weka stendi chini ya chesisi pande zote. Boliti ya kurekebishia iko nyuma ya kila toshenibaa, inatazama chini, inataka soketi namba 30. Safisha nyuzi zake kwa brashi ya waya na uzipake grisi kwanza, la sivyo tope lililokauka litazila. Kuzungusha mzunguko 1 kamili pande zote mbili hupunguza presha ya mbele kwa takriban megapaskali 0.2. Gari lililosoma 8.1 linahitaji mizunguko kama 6 kila upande kurudi 6.9. Usiimalize kwa mkupuo. Kaza 3, shusha gari, washa, lipeleke L, N, H na kurudi N, tembea nalo kidogo ili mipira ya wishboni itulie, pima tena. Boliti ikifika mwisho na presha bado iko juu, kuna njia 2: toa mkono wa toshenibaa uurudishe kwa kuruka jino 1 la nyuzi zake, au kubali kwamba nondo imechoka na utafute nyingine. Baada ya kazi hii alainimenti ni lazima, maana pembe za matairi zinahama.

Nyuma hakuna boliti. Ikiwa presha ya nyuma imezidi, springi zimelala. Springi mpya ni bora. Kwa gari linalobeba mzigo wa wastani, sahani ya plastiki ngumu ya milimita 30 juu ya kila springi inashusha presha vizuri. Tusiweke springi za lori.

Mafuta yabadilishwe mwisho, presha ikishakaa sawa. Ni mafuta maalumu ya Toyota ya AHC, mepesi mno, yanauzwa kwenye makopo ya lita 1 na lita 2.5. Kopo la 2.5 linatosha kusafisha mfumo mzima. Ukifungua mitungi au pampu, ongeza la lita 1. Kigoma agiza mapema, lisafiri kwa basi au treni, na usilegeze hata nipo moja ya kutolea upepo kabla halijafika. Hapa ndipo majaribu yanapoingia, maana oili ya gia otomatiki iko duka la jirani na gari linataka kuondoka. Hiyo ni nzito kuliko inayotakiwa, na vitundu vya valvu zinazodhibiti ulaini wa gari ni vidogo. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi: yanavimbisha na kuozesha sili za mfumo mzima, na hapo kweli utanunua pampu.

Gari likiwa L na limezimwa, vaa miwani, chomeka mpira mwangavu kwenye nipo ya kutolea upepo, upeleke kwenye chupa, legeza kwa spana namba 10. Pembe hiyo itashuka hadi kwenye mpira wa kugongea, kwa hiyo mikono na kichwa visiwe kati ya tairi na matigadi. Mafuta ya zamani hutoka rangi ya chai iliyokolea, na chini ya chupa hutulia vumbi jeusi la mpira. Funga, jaza kopo hadi alama, washa, peleka N, acha pampu ivute. Rudia hadi yatoke safi bila mapovu, pembe 4, kisha nipo ya 5 ya mtungi wa akiba. Hiyo ya mwisho ifungue robo ya mzunguko tu. Ina presha hata gari likiwa limelala, na mchirizi mwembamba wa presha hiyo unaweza kupenya ngozi. Kopo lisikauke wakati wowote. Likikauka pampu inavuta hewa, inanguruma bila kuinua, na C1762 inarudi.

Usiinue na kushusha mfululizo. Mota ya pampu haikuundwa kwa kazi hiyo, na hewa ya huku ziwani ni ya joto. Ipe dakika chache kati ya zamu.

Pampu yenyewe ina zamu yake, lakini baada ya hayo yote. Gari likichukua zaidi ya nusu dakika kutoka L kwenda N wakati presha za mbele na nyuma ziko sawa na mafuta ni safi, angalia fyuzi yake na rilei, kisha pima volti kwenye waya wa mota ikifanya kazi. Volti zikianguka, tatizo ni waya au ethi iliyoota kutu kwenye chesisi. Volti zikiwa nzuri, fungua pampu utazame kichujio cha wavu mahali mafuta yanapoingilia. Kikiwa kimezibwa na utando mweusi, kisafishe kwa mafuta yaleyale ya AHC, badilisha pete za mpira, funga. Brashi za mota zikiwa zimekwisha, fundi wa stata anaweza kuchonga za kufanana. Hayo yote yakishindikana ndipo uagize pampu.

Kuna wanaochoka na kuamua kung'oa mfumo wote na kuweka shokapu za kawaida. Ni uamuzi halali kwa gari lililooza paipu. Lakini toshenibaa na springi za gari la AHC ni laini, kwa sababu zilitegemea kusaidiwa. Ukitoa msaada ukaacha springi zilezile, gari litakaa chini, litagonga kila shimo na kuyumba kwenye kona. Badilisha toshenibaa, springi na shokapu kwa pamoja, ziba paipu kwa plagi, chomoa fyuzi, na umwambie mwenye gari waziwazi kwamba swichi ile haitafanya kazi tena, ili akiliuza mnunuzi naye ajue.